Tupeane uzoefu: Timu ya mbio za nyika ya shule yako ilianzaje, na nani aliilea?

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mada hii ni ya waliowahi kukimbia mbio za nyika wakiwa sekondari, walimu waliowafundisha, na wazazi waliosimama kando ya njia wakishangilia. Naomba tuelezane timu za shule zetu zilianza vipi, nani alizilea na zilifika wapi. Ninachokitafuta hasa ni habari za timu nzima, kwa sababu mbio hizi huamuliwa kwa kujumlisha nafasi za wakimbiaji kadhaa. Shule yenye nyota mmoja aliyewaacha wenzake mbali hushindwa na shule yenye vijana wanne wanaofika karibu pamoja.

Nianze na shule ambayo wengi wenu mnaifahamu, St. Patrick's ya Iten, iliyo juu ya bonde la Kerio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400. Ilianzishwa mwaka 1961 na mabruda wa shirika la Patrician kutoka Ireland. Wengi hudhani kwamba historia yake ya mbio inaanza na Bruda Colm O'Connell, lakini yeye alipofika mwaka 1976 kufundisha jiografia, Mike Boit, aliyesoma shuleni hapo, alikuwa tayari na medali ya shaba ya mita 800 aliyoipata katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mbio za shule wakati huo zilikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, yule aliyepata shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Foster alipoondoka, jukumu likamwangukia Bruda Colm, ambaye hakuwa amesomea ukocha hata kidogo, naye akajifunza kazi hiyo kwa kuwatazama vijana wenyewe wakikimbia. Alikuja kwa muda mfupi, akabaki kwa miongo.

Kenya haikushiriki Olimpiki ya 1976 wala ya 1980, kwa hiyo kizazi kizima cha wakimbiaji wetu kilifungiwa mlango katika miaka yao mizuri. Matunda ya Iten yalionekana waziwazi mwaka 1988, pale Ibrahim Hussein alipokuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston, na miezi michache baadaye Peter Rono akatwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1992 Matthew Birir akashinda mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona. Ndani ya uwanja wa shule imepandwa miti ya kuwaenzi mabingwa hao, kila mmoja na mti wake. Ni kumbukumbu nzuri sana. Ila mimi huwaza pia juu ya vijana waliokuwa wakiamka alfajiri pamoja na mabingwa hao, wakawasukuma mazoezini, kisha wakamaliza kidato cha nne na kurudi mashambani. Naomba tuwaandike na hao.

Mchangiaji kutoka Nandi

Mimi ni mmoja wa hao unaowataja. Nilisoma shule ya kutwa ambayo haikuwa na bweni wala uwanja wa maana, na kwa miaka yangu yote ya timu nilikuwa mkimbiaji wa nne. Katika mashindano ya dunia ya vijana, timu huingiza wakimbiaji sita na nafasi za wanne wa kwanza ndizo zinazohesabiwa, na mwalimu wetu aliufuata utaratibu huohuo hata katika mazoezi. Anayemaliza wa kwanza anapata alama 1, wa ishirini anapata 20, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Maana yake ni kwamba mkimbiaji wa nne akipitwa na vijana watatu katika mita mia za mwisho, timu imeongezewa alama tatu ambazo hata ushindi wa nahodha hauwezi kuzifuta.

Wasiowahi kuona mwisho wa mbio hizi wajue kwamba baada ya utepe kulikuwa na njia nyembamba iliyozungushiwa kamba, ili anayefika asipitwe tena. Mwishoni mwa kamba alisimama mwalimu mwenye kadi ndogo za manila zilizoandikwa namba kwa kalamu nene, naye alimpa kila mtu kadi ya nafasi yake. Tulizipokea kwa mikono iliyolowa jasho, tukamkabidhi nahodha, naye akazifunga kwa pini na kuzipeleka mezani. Hakuna aliyetuuliza tumetumia dakika ngapi, wala haikuwa na maana kuuliza, kwa kuwa njia za nyika hazilingani. Kulikuwa na matope, mteremko, daraja la miti, na mwaka mmoja shamba la mahindi lililokwisha vunwa. Mwaka tulioshinda wilaya, nahodha wetu hakuwamo katika watatu wa kwanza. Tulishinda kwa sababu sisi wanne tulifika tukiwa tumeshikana, na kadi zetu zilifuatana karibu bila kukatika.

Mchangiaji kutoka Keiyo

Asante, kaka, kwa maelezo ya kadi; umenirudisha mbali. Upande wa wasichana, historia ilichelewa, na sababu yake haikuwa miguu yetu. Timu yetu ilianzishwa na mwalimu wa hesabu, mama mwenye familia, ambaye ilimbidi kwanza atembelee nyumba za wazazi mmoja baada ya mwingine kuomba ruhusa. Baba yangu alikataa, akisema kwamba msichana anayezunguka vilimani saa kumi na moja alfajiri anatafuta balaa. Mwalimu alipomweleza kwamba yeye mwenyewe angekimbia nyuma yetu akiwa na tochi, mzee alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa idhini.

Kilichosaidia zaidi ni mifano. Sally Barsosio alipotwaa dhahabu ya mita 10,000 huko Athens mwaka 1997, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha ya uwanjani, wazee kijijini walianza kuuliza wenyewe ni binti gani mwingine anayekimbia. Kambi za likizo za Bruda Colm pale Iten nazo zilifungua njia, na shule ya wasichana ya Sing'ore, iliyo karibu, ikamtoa Janeth Jepkosgei, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007. Mwalimu wetu wa hesabu hajulikani popote, na kati yetu hakuna aliyefika Olimpiki. Lakini wengi tulimaliza kidato cha nne, na naamini kabisa kwamba bila timu baadhi yetu tungekuwa tumeozwa kabla ya mtihani.

Mchangiaji kutoka Manyara, Tanzania

Huku kwetu Mbulu na kwa jirani zetu wa Karatu ndiko walikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, na Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Miinuko tunayo na vipaji tunavyo. Katika shule yangu, hata hivyo, mazoezi yalianza wiki chache kabla ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, na yakafa mara tu michezo ilipokwisha. Nikisoma habari za Iten, kinachonigusa zaidi ya mabingwa ni kwamba kulikuwa na mtu yuleyule mwaka hadi mwaka, aliyemjua kijana tangu kidato cha kwanza.

Mchangiaji, mwalimu wa michezo

Ndugu wa Manyara amegusa kidonda. Timu nyingi hufa siku mwalimu anapopata uhamisho, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Nilipofika shule ninayofundisha sasa, nilikuta vikombe kabatini visivyo na jina wala mwaka. Nikawatafuta wahitimu kupitia kanisani na sokoni, na kwa kila kikombe nikauliza ni mwaka gani, njia ilipita wapi, na nani walikuwa wakimbiaji wote, hata aliyefika wa mwisho. Majibu nayaandika katika daftari gumu ambalo hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu, ili nikihamishwa libaki. Swali langu kwenu ni moja: wahitimu wawili wakitofautiana kuhusu mwaka, mnafanyaje?

Mwanzisha mada

Mwalimu, mimi huwauliza walikuwa kidato gani na nani alikuwa mwalimu mkuu wakati huo, kisha nalinganisha na vyeti vyao vya kumaliza shule. Wasipoafikiana bado, andika miaka yote miwili pamoja na jina la kila aliyeitaja.