Pijo 504 ya marehemu baba: kalipa za mbele zinakwama. Nizitengeneze au ninunue nyingine?

Mtoto_wa_Buruburu

Wakuu, hamjambo. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1979 aliyoniachia baba. Ilikaa miaka sita chini ya turubai nyumbani, na mwaka huu nimeifufua. Injini iko sawa. Shida ni breki: kalipa, vile vibanio vinavyobana diski za magurudumu ya mbele, zinakwama.

Jumapili nilimchukua mama tushuke Mai Mahiu. Tulipokaribia lile kanisa dogo walilojenga mateka wa Kiitaliano 1942, nikaanza kusikia harufu ya kuungua, na usukani unavuta kulia. Nikaegesha. Rimu ya mbele kulia haikushikika kwa moto. Nilidondosha maji ya kunywa kidogo juu yake, yakachemka papo hapo. Tulikaa pale karibu saa nzima tukingoja ipoe, mama ameshika mkoba wake, hasemi neno.

Fundi wangu anasema kalipa zote mbili zitupwe, twende Grogan, kwenye soko la vipuri, tutafute za mtumba. Mimi natamani kubaki na hizi, ndizo zilizotoka na gari. Lakini sitaki hisia zangu zije kumuumiza mtu. Naombeni ushauri wa kweli.

Spana_Kumi_na_Tatu

Pole sana ndugu, na umfikishie mama pole zetu. Usinunue chochote bado. Fundi ameilaumu kalipa bila kuangalia mpira wa breki, lile bomba laini linaloingiza mafuta ndani yake. Mpira ukizeeka huvimba na kuziba kwa ndani, na nje ukauona mzima kabisa. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inayapitisha mafuta. Ukiachilia, hakuna nguvu kama hiyo ya kuyarudisha. Yanabaki yamefungiwa mle, padi zinaendelea kubana diski hadi zinawaka.

Inua gari, uliweke juu ya stendi, tafadhali si mawe. Kanyaga breki mara kadhaa, achilia, kisha jaribu kuzungusha gurudumu. Likibana, legeza kwanza bomba la chuma pale linapokutana na mpira. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu, kwenye masta silinda, pampu kuu ya breki. Lisipoachia, kaza tena, halafu fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likazunguka, mbaya wako ni mpira. Likikaa limebana hata hapo, pistoni inayosukuma padi ndani ya kalipa imeshikwa na kutu.

Fanya pande zote mbili hata kama kushoto hakulalamiki.

Mkereza_Kariobangi

Naunga mkono. Mimi nakereza vyuma hapa Kariobangi Light, na kalipa za magari ya zamani zinanifikia kila mara. Nyumba ya kalipa ni chuma cha kusubu, haifi upesi. Kinachokufa ni pistoni.

Itoe uishike juani. Ile sehemu iliyokaa ndani ya mafuta utaikuta inang'aa. Karibu na mdomo, pale kifuniko cha vumbi kinapokumbatia, tafuta mkanda mwembamba wa vidoa vyeusi. Pitisha ukucha taratibu. Ukucha ukikwama, usihangaike na msasa: kromu imeshatoboka, na kutu iko chini yake. Msasa unaitoa kromu iliyobaki, na baada ya mvua mbili tatu umerudi pale pale. Pistoni hiyo tunaikereza upya kwa chuma kisichoshika kutu. Niletee ya zamani pamoja na kalipa yake, vipimo vya kutumiwa kwa simu sivitaki kwenye kazi ya breki.

Halafu sili, ile pete ya mpira inayoizunguka pistoni. Watu wanaidhani kazi yake ni kuzuia mafuta tu. Ikatwe uione: ni ya pembe nne, si ya duara. Pistoni ikitoka, sili inajipinda nayo kidogo. Ukiachia mguu, inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma. Hakuna springi nyingine mle inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo ule mfereji inamokaa uusafishe mpaka uone chuma, kwa kijiti cha mti, si bisibisi. Mfereji wenyewe ukiwa umeliwa na kutu, hapo nakubaliana na fundi wako, tafuta kalipa nyingine.

Kutoa pistoni, ziache zisukumwe na breki yenyewe kabla hujafungua bomba. Ukitumia upepo wa kompresa, uwe mdogo, weka ubao mbele, na vidole vikae mbali. Pistoni inaruka kama risasi.

Dada_wa_Datsun

Kaka, uliza pia ni mafuta gani yamo ndani. Mimi na Datsun 1200 yangu tuliwahi kupelekwa pabaya na karakana niliyoiamini: walijaza mafuta ya usukani kwenye kopo la breki. Baada ya wiki mbili sili zote zilikuwa zimevimba, laini kama mandazi yaliyolowa chai. Nilibadilisha kila kitu cha mpira, kuanzia masta hadi magurudumu ya nyuma.

Weka DOT 4 mpya kutoka kopo lililofungwa. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Kiwango cha DOT 4 ikiwa mpya ni kutochemka kabla ya nyuzi 230, lakini ikishanywa maji kiwango hushuka hadi 155. Yako yamekaa miaka sita! Yakichemka kwenye mteremko ule, mguu unazama hadi sakafuni na hakuna breki. Kwa kweli Mungu aliwatunza. Na usioshe sili kwa petroli wala mafuta taa, tumia spiriti.

Kijana_wa_Ngara

Nilinunua za mtumba mwaka juzi. Nilipozifungua, pistoni zilikuwa mbaya kuliko zangu. Kabla ya kuagiza sili soma jina lililochorwa kwenye chuma cha kalipa, maana Peugeot walinunua kalipa kwa zaidi ya kiwanda kimoja na sili haziingiliani.

Mtoto_wa_Buruburu

Asanteni kutoka moyoni. Leo nimefanya kama Spana alivyosema. Kulia, nilipofungua skrubu mafuta yaliruka, rangi ya chai ya rangi, na gurudumu likazunguka kwa mkono mmoja. Kumbe mpira. Kushoto pistoni moja haisogei kabisa, na mkanda wa vidoa upo, ukucha unakwama. Mifereji ni mizima pande zote.

Nimeagiza mipira na sili za pande zote mbili. Mkereza, Jumamosi asubuhi nakuletea kalipa.

Mkereza_Kariobangi

Karibu. Njoo kabla ya saa nne, umeme ukiwa bado upo. Na ukishafunga, usimchukue mama siku hiyo hiyo. Zunguka mtaani kwanza, kanyaga pole pole mara ishirini hivi, kisha simama uguse rimu zote mbili. Joto lilingane.