Vidole vinakufa ganzi usiku kwa kufuma masweta, naombeni ushauri

Mama Neema:
Habari zenu wapendwa. Niko Njombe, nafuma masweta ya shule kwa sindano mbili, na baridi ya Juni ikianza oda zinajaa. Shida ni mkono wa kulia. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku mpaka naamka kuukung'uta mkono. Mchana sindano inaniponyoka. Kazi siwezi kuacha, ndiyo inayolisha nyumba. Nifanyeje?

Fundi Sufu:
Pole sana dada. Sindano zako ni za chuma? Zile ni nzito na zinateleza, unazibana muda wote bila kujijua. Jaribu za mianzi. Sweta likishakuwa refu usiliache lining'inie, weka mto mapajani ulilaze hapo. La muhimu zaidi, kifundo cha mkono kisikunjwe, na viwiko vikae karibu na mbavu. Kila baada ya mistari kadhaa weka kazi chini, fumba na kufumbua viganja, nyanyuka hata ukaangalie chungu jikoni.

Bibi Kroshia:
Uzi wa pamba nao unachosha mkono kuliko wa sufu, hauvutiki. Kroshia yangu nimeizungushia kitambaa mpaka ikanenepa, sihitaji kuibana.

Nesi wa Zamu:
Vidole hivyo vitatu vinaonyesha mshipa wa fahamu unabanwa pale kwenye kifundo. Ingekuwa cha pete na cha mwisho, ningeanzia kwenye kiwiko. Ukilala funga banzi la kifundo ili mkono ukae umenyooka. Je, una kisukari au ujauzito?

Mama Neema:
Nina mimba ya miezi saba.

Nesi wa Zamu:
Basi hiyo inachangia sana. Mwili unatunza maji, nafasi ya mshipa inakuwa finyu. Wengi hupata nafuu wakishajifungua. Tafadhali usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, kwa mimba ya umri huo zina madhara kwa mtoto. Uso na mikono vikivimba ghafla, au kichwa kikiuma sana, nenda ukapimwe presha siku hiyohiyo. Na nyama ya chini ya gumba ikianza kusinyaa, usingoje.

Mama Neema:
Asante sana, kliniki yangu ni Alhamisi, nitawaeleza yote. Fundi, hizo za mianzi nazipata wapi?

Fundi Sufu:
Njombe mianzi imejaa dada! Mpe seremala uliokauka vizuri, achonge kwa unene wa zako, kisha apige msasa mpaka uzi usinase popote.