Ng'ombe kazaa, mifupa mizima, mbona hasimami?

MfugajiMpya: Wakuu, naomba ufafanuzi. Ng'ombe wa maziwa akizaa, kesho yake anaanguka na hainuki. Hajavunjika popote, masikio ya baridi, shingo kaikunjia ubavuni. Naambiwa kapungukiwa kalsiamu. Kalsiamu si ya mifupa? Inahusianaje na kusimama?

Neva_na_Misuli: Mkuu, mfupa haujisogezi, unavutwa. Ili goti la nyuma linyooke, msuli wa mbele ya paja lazima ujikaze uvute kano inayoshika pia ya goti. Amri ya kujikaza hutoka kwenye uti wa mgongo kwa njia ya neva, lakini kati ya ncha ya neva na msuli pana upenyo, na umeme wa neva hauvuki hapo. Kinachovuka ni kemikali, asetilikolini, na neva haiimwagi mpaka kalsiamu iingie kwenye ncha yake. Kalsiamu ya damu ikishuka, amri inafika ukingoni na kuishia hapo. Msuli mzima, mfupa mzima, ng'ombe chini.

Kalsiamu hiyo inaenda wapi? Kwenye kiwele. Lita 10 za dang'a hubeba zaidi ya gramu 20, wakati majimaji ya damu yake yote yana kama gramu 3. Mifupani imejaa tele, ila huchukua siku moja mbili kuanza kutoka kwa kasi inayotakiwa.

DripuTaratibu: Daktari wa mifugo humpa kalsiamu borogluconeti ya 40%, mililita 400 kwenye mshipa wa shingo, ikiwa na uvuguvugu wa mwili, kwa dakika 10 hadi 20, huku anasikiliza moyo. Moyo nao ni msuli: dripu ikikimbizwa, mapigo yanavurugika na ng'ombe anakufa mkononi mwako. Msimnyweshe kitu, misuli ya kumeza imelegea na dawa itaingia mapafuni. Akalie kifua, ageuzwe kila saa 2 au 3, la sivyo uzito wake unaponda misuli na neva za mguu alioulalia.

MfugajiMpya: Na akiwa mchangamfu, anakula, ila miguu ya nyuma inatanuka pembeni?

Neva_na_Misuli: Ndama alikuwa mkubwa, akavutwa? Basi neva inayopita ndani ya nyonga imebanwa, ile ya misuli inayorudisha paja ndani. Kalsiamu peke yake haitamwinua. Mfungeni miguu ya nyuma kwa mkanda mpana, aweze kupiga hatua bila kupasuka msamba, na mtoeni kwenye saruji. Alale penye udongo au majani mengi.