Siku ile ulipobanwa, mlango wa kutokea ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Stoo Kipa (mwanzisha uzi)
Bwana asifiwe wakuu. Yakobo 4:7 tunaijua kwa kichwa: mpingeni Shetani, naye atawakimbia. Ninachotaka kujua ni ulifanya nini hasa, kwa mikono na miguu yako, siku jaribu lilipokukalia kooni.

Naanza. Mimi ni mnunuzi wa vifaa kwenye kampuni ya ujenzi. Januari mwaka jana, ada za watoto zimenikaba, nikatumwa saruji mifuko 40. Muuzaji akafungua kitabu cha risiti, akaniuliza kwa upole kabisa, "Bosi, niandike ngapi?" Wanaonunulia ofisi wanaijua hiyo sauti. Haina pembe wala mkia. Ukiweka cha juu 1,000 kila mfuko, 40,000 iko mfukoni. Nilinyamaza kama dakika nzima, na ndani ya dakika hiyo nilishanunua viatu vya shule pea mbili. Kilichoniokoa wala si maombi. Mteja wa nyuma alifoka, "Kaka, unatuchelewesha," nikashtuka, nikasema andika bei yako. Tangu hapo risiti naipiga picha palepale kaunta na kuirusha kwenye grupu la ofisi kabla sijapanda gari. Najijua.

Mama Tumaini
Langu lilikuja na machozi ya mtu anayenipenda. Mwanangu alishikwa na degedege usiku, tuko kijijini kwa wakwe. Mama mkwe, ambaye kwaya ya kina mama haimkosi, akasema hii si ya hospitali, akishachomwa sindano tu tumempoteza. Akamfunga hirizi mkononi. Jamani, usione watu wanasimulia kirahisi. Mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, mganga yuko nyumba ya tatu, zahanati ni mwendo wa saa nzima. Nilitaka kwenda kwa mganga. Naandika hivyo ili mjue.

Mzee wa kanisa jirani ndiye aliyewasha pikipiki, hakuhubiri hata neno. Njiani niliifungua ile hirizi nikaitia kwenye kanga, sikutaka kumwaibisha mama. Ilikuwa malaria kali. Yuko darasa la nne sasa. Na mama mkwe hatujawahi kulizungumza mpaka leo.

Mkeka Umechanika
Nyie mna ushuhuda, mimi nina madeni. Kubeti kumekula mtaji wa genge mara mbili.

Mlinzi wa Lango
Mkuu hilo ni pepo la kamari. Funga siku tatu kavu, likemee kwa jina la Yesu.

Mkeka Umechanika
Nilifunga mtumishi. Jumamosi jioni nikafungua kwa uji na mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa timu nane. Sikatai maombi, nimeombewa mpaka nikaanguka chini, na wiki mbili zilikuwa nzuri kweli. Ila simu ilikuwa ileile, laini ileile. Sasa laini ya pesa anakaa nayo mke wangu, nikitaka nauli namwomba kama mtoto. Wiki ya sita hii. Jana nilimdanganya kwamba nauli imepanda. Imebaki 500 mfukoni, nimeshindwa kuitumia.

Mkristo wa Kigango
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi pombe, na nilikuwa na mstari wangu: Paulo kumwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Padre kwenye kitubio akanikumbusha kwamba kule nyikani Shetani naye alimnukulia Yesu Zaburi ya 91. Halafu akaniuliza, "Tumbo lako linauma kila mwisho wa mwezi tu?" Sikuwa na jibu. Kwaresima ile nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani, nazunguka nyuma ya soko. Yusufu kwa mke wa Potifa hakukaa kujadiliana, aliacha vazi akatimua mbio.

Binti Mgeni
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Bosi anasema tukauzungumzie lodge. Nimekataa mara mbili, kesho saa tatu asubuhi kaniita ofisini kwake. Nyumbani wananitegemea watu watano. Nimeanza kujiambia Mungu atanielewa.

Stoo Kipa
Dada yangu, usifute meseji zake hata moja. Hiyo ni rushwa ya ngono, imo kwenye sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Wapigie TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba 113, bure.

Mlinzi wa Lango
Na leo usiku nakesha na jina lako, hata kama silijui.

Mama Tumaini
Mdogo wangu, una mtu unayemwamini hapo kazini? Mwambie leo, akae karibu. Saa tatu nitakuwa magotini. Wewe ukiingia, mlango usiufunge.