Ringi isiyo na 1 ni ringi au si ringi? Wakuu tujadili

Mtoa mada: Wakuu, nina vitabu viwili vya aljebra na vimeshagombana kwenye kurasa za mwanzo tu. Kimoja kinadai kila ringi (mkusanyiko wa vitu vya kujumlisha, kutoa na kuzidisha) iwe na 1, yaani memba asiyebadilisha kitu ukizidisha naye, kingine hakidai. Kwa cha kwanza, namba shufwa (0, 2, −2, 4, −4...) si ringi, ingawa unazijumlisha, unazitoa na unazizidisha bila kutoka nje yake. Mwanahisabati Emmy Noether mwaka 1921 hakudai 1. Mimi niko na Noether. Nani mwenzangu?

Mkaanga Sumu: Siko nawe. Fraenkel, mwanahisabati mwingine, alidai 1 tangu 1914, kwa hiyo tusishindane kwa ukongwe. Tazama moduli. Moduli ni kundi la kujumlisha (vitu unavyovijumlisha na kuvitoa), halafu ringi inakuja kulizidisha: r mara x inakupa memba mwingine wa kundi. Kukiwa na 1 unadai 1x = x. Usipodai, mimi nachukua kundi lolote, natangaza rx = 0 kwa kila r, na kanuni zilizobaki zote zimetimia. Moduli ya namna hiyo inakwambia nini kuhusu ringi? Halafu chukua hizo shufwa zako, zidisha 2 kwa kila shufwa. Unapata 4, 8, 12 na wenzake. Ile 2 uliyoanza nayo haimo!

Mtoa mada: Hapo kwenye 2 umenibana.

Binti Shufwa: Jamani, 1 inaazimwa. Mwanahisabati Dorroh alionyesha mwaka 1932: chukua jozi (n, r), n ikiwa namba kamili yoyote na r memba wa ringi yako, izidishe kama n + r, na (1, 0) ndiyo 1 yako. Moduli za ringi ya zamani, hata zile za sifuri tupu, ndizo moduli za ringi mpya zinazotii 1x = x. Ugomvi uko wapi tena?

Mkaanga Sumu: Riba yake umeiona? Ukiwaazimia shufwa hivyo hupati namba kamili za kawaida. Zidisha (2, −2) kwa (0, s), s ikiwa shufwa yoyote isiyo 0: jibu 2s − 2s, yaani sifuri. Vitu viwili visivyo sifuri vimezaa sifuri.

Binti Shufwa: Kweli. Hilo sikulitaja.

Konda wa Usiku: Nyie mnalilia 1, wengine tunaishi bila kutoa kabisa. Inaitwa semiringi. "Kujumlisha" kwangu ni kuchagua ndogo, "kuzidisha" ni kujumlisha kwa kawaida. Njia moja inakula saa 3 kisha 4, nyingine inakula saa 5 kisha 1: ndogo kati ya 7 na 6 ni 6, nimepata njia ya haraka. Sifuri yangu ni ukomo usiofikika, 1 yangu ni 0. Ukishachagua ndogo huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo hakuna hasi. Na semimoduli ninazo vilevile: orodha ya saa za kufika kila kituo ni memba wake mmoja. Wanaiita ya tropiki kwa heshima ya mwanahisabati Imre Simon wa Brazili, kana kwamba sisi wa huku hatuna jua.

Mtoa mada: Mkuu, yako ina 1, kwa hiyo umemsaidia Mkaanga. Basi nakubali kwa upande wa moduli. Lakini zile zisizo na 1 zipate jina lake. Jacobson kwenye vitabu vyake anaziandika *rng*, *ring* iliyong'olewa i.

Konda wa Usiku: Ringi yetu ina i mbili. Tung'oe ipi?