Mrejesho: namba tasa kubwa inayokaa kichwani

Wakuu nimerudi. Niliuliza namba tasa gani kubwa mtu anaweza kuikariri bila kuandika popote, mdau akanipa 12345678910987654321, yaani unahesabu mpaka kumi halafu unarudi kinyumenyume hadi moja, tarakimu 20 na ni tasa kabisa, nimeipima kwenye kompyuta imepita. Ila iliyoniteka ni 73939133, kata tarakimu ya mwisho inabaki 7393913, tasa, kata tena 739391, tasa, unaenda hivyohivyo mpaka inabaki 7, hakuna inayogoma! Nimemwandikia mwanangu kwa chaki mlangoni, anafuta mojamoja kwa kidole. Ile namba tasa iliyogunduliwa 2024 yenye tarakimu zaidi ya milioni 41 nayo nimeikariri, 2 kipeo cha 136279841 toa 1. Asanteni sana.