Mashine ya kupumulia usiku: msistaafu na ile ya zamani

Ndugu zangu Watanzania wa Kampala, Entebbe na nyie mliojichimbia Jinja, habari za siku. Mimi mwezi wa sita nastaafu narudi Muheza kwenye michungwa yangu, na kabla sijafunga mizigo naomba niseme hili la mashine za CPAP, zile zinazosukuma hewa kwa maski ukilala ili pumzi isikatike, maana najua tuko wengi tunaozitumia ila tunanyamaza kana kwamba kukoroma ni kesi ya polisi.

Yangu niliipata 2016 baada ya mama watoto kuchoka. Alikuwa ananiambia baba unakoroma weee halafu kimya, nakaa nahesabu, halafu unashtuka kama mtu kaibuka majini. Nikapimwa usiku mmoja ikatoka 34, yaani kila saa moja pumzi inakatika au inapungua mara 34, na ukivuka 30 hiyo wanaiita kali. Sasa pigeni hesabu, masaa 7 kila usiku kwa miaka 9, ni karibu masaa elfu 23 mota inazunguka, na hizi mashine kwa kawaida zinahesabiwa miaka 5 hivi. Mwaka jana ikaanza kuniandikia kwenye kioo kwamba umri wa mota umepita, mimi nabonyeza sawa nalala. Kesho tena, sawa, nalala. Miezi mingapi hiyo, mpaka ikaanza kulia kama birika na mchana nasinzia kwenye vikao vya ofisi.

Ndo nikashtuka kwamba bima yangu ni ya mwajiri, siku ya mwisho ya kazi na yenyewe kwaheri. Nikaomba nyingine. Wakanijibu mashine bado inawaka, hatulipi! Kilichonisaidia ni kile kikadi kidogo kinachochomekwa ubavuni mwa mashine, daktari akakisoma akaona hewa inavuja na pumzi zimeanza kukatika tena, akaandika barua. Wakadai na kipimo kipya cha usingizi kwa sababu cha kwangu kimezeeka. Jumla miezi minne ya nenda rudi kabla sijaishika mkononi. Kwa hiyo mtu asije akaanza hii safari wakati ana wiki mbili za kuaga.

Na wenye Philips za zamani, zile zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili 2021, angalieni namba iliyo chini ya mashine. Juni 2021 kampuni yenyewe iliita aina nyingi zirudishwe kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani ilikuwa inaweza kumomonyoka na wewe unavuta yale makombo. Kuzisafisha kwa ozoni ndo kunaharakisha. Ongeeni na daktari kwanza, msiizime tu kwa hasira mkalala bila kitu.

*

Shikamoo kaka. Mimi ni wa Ntinda, mume wangu anastaafu mwakani na bima yao hailipii kabisa hizo mashine. Kuna mtu anauza iliyotumika, bei nusu, anasema ni kama mpya. Tuchukue? Na kule kwetu Ngara umeme ukikatika usiku inakuwaje?

*

Marahaba dada. Ya mtumba mimi naiogopa lakini siwezi kukwambia usinunue wakati mfuko ndo umesema. Ila aiwashe mbele yako, ingia kwenye menyu uone imeshatembea masaa mangapi, akikataa kukuonyesha ondoka. Maski, paipu na kitangi cha maji ya kulainisha hewa vya mtu mwingine usivichukue, nunua vipya pamoja na filta, vumbi letu hili jekundu linaziba filta haraka kuliko wanavyoandika kwenye kitabu. Halafu lazima daktari aiweke upya kwa kipimo cha shemeji, ile presha iliyomo, yaani nguvu ya hewa inayosukumwa, ni ya aliyeuza. Na presha yenyewe mfafanue, mimi dukani nilisema presha yangu ni 11, kijana akanivuta kiti akaniambia mzee kaa chini nikuletee maji.

Umeme wa Uganda na wa nyumbani hauna tofauti ya kukusumbua, plagi ni ile ile ya pini tatu na mashine nyingi zinakubali volti 100 mpaka 240. Kukatika ndo tatizo. Mimi nimechukua betri na kibadilishi chake, ya kwangu inataka volti 24 wakati betri ya gari ni 12, ukichomeka kienyeji haiendi. Ukizima ile joto ya maji betri inadumu zaidi sana, pua inakauka kidogo lakini unalala. Masanduku yote yatapanda lori ila hii nitaipakata mwenyewe mpaka Mutukula, maji nimeyamwaga yasije yakaingia kwenye mota, na barua ya daktari na risiti ziko mfuko wa pembeni afisa wa forodha akiuliza hili dude ni nini.

Ile ya zamani siiuzi. Bado inalia, ila hii mpya ikizingua usiku mmoja huko Muheza nitavumilia kelele zake.